Chombo Hakilipi Nauli

Yaguelá, tarehe 3 Novemba

Baba yangu mpenzi,

Nimeanza na tarehe kwa sababu Mwalimu Fidencio anatufundisha kwamba barua isiyo na tarehe ni kama wimbo usio na mapigo. Sasa nakuahidi: nitakueleza yote, hata yale ambayo Mama anaona hayafai kuandikwa, na hata yale yanayonitia aibu.

Mimi ni mzima, Mama ni mzima, sijui wewe. Mnara wa simu uliopigwa radi Septemba bado umelala, kwa hiyo usidhani tumekutupa. Barua hii nampa doña Herminia akipita na gari lake la vifurushi, pamoja na pilipili kavu, maharage meusi na mkate wa wafu. Mkate ulikaa siku mbili kwenye meza ya marehemu. Babu, Mungu amrehemu, ameshaula harufu yake, wewe utakula uliobaki.

Habari kubwa ni hii: bendi yetu inakuja Tijuana. Watu wetu wa huko wameomba gozona kwa sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, na mkutano wa kijiji umekubali. Mzee mmoja alitaka kujua watatulipa nini. Mwalimu Fidencio alisimama, kofia mkononi, akasema, "Gozona ni gozona. Walitupigia tulipokuwa na msiba, nasi tutawapigia wakiwa na furaha. Hailipwi kwa fedha. Inalipwa kwa mwili, mtu kwa mtu."

Na tunakuja kwa ndege, Baba. Abundio, ambaye anapiga tuba tangu ulipoiacha wewe, alishuka mjini akatafuta kwenye simu, akakuta shirika linaloitwa Golondrina. Tiketi yao ni rahisi kuliko basi la kwenda huko, ambalo hukaa njiani siku nyingi. Mama alimwambia, "Kitu kinachoruka kikiwa rahisi kuliko kinachotambaa, kuna jambo limefichwa."

Abundio akajibu, "Mama Nati, kilichofichwa ni mawingu tu."

Watu walicheka. Mama hakucheka.

Mimi nimo safarini. Napiga klarineti ya tatu. Ulipoondoka nilikuwa napuliza filimbi ya plastiki na kuku walikuwa wakinikimbia, kwa hiyo hujanisikia kamwe. Nimefanya mazoezi hadi midomo imeota sugu. Sitaki zawadi yoyote kutoka kwako. Nataka usimame mahali ninapoweza kukuona wakati napiga.

Nimerefuka. Usije ukanipita. Nitajifunga ile shali ya buluu aliyoifuma Bibi, na nitakuwa nayo mabegani nikishuka ngazi. Utaijua?

Mwanao,
Azucena


Tijuana, tarehe 11 Novemba

Mwanangu Azucena,

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Mkate umefika umevunjika lakini utamu haukuvunjika.

Shali ile nitaijua hata gizani. Niliishika mimi ikiwa bado nyuzi, bibi yako akizikunja.

Sasa msikilize baba yako, na umsomee Mwalimu Fidencio maneno haya kabla ya kitu chochote. Chombo cha muziki kinalipa nauli. Najua kwetu hakilipi, hakijawahi kulipa tangu kuwe na barabara. Huko angani kinalipa, tena pengine kuliko mtu. Tiketi mliyonunua ni ya mtu na nguo alizovaa na kimfuko cha kuweka miguuni. Kila kinachozidi hapo kilipiwe mapema, mkiwa bado mjini, kwa sababu mkifika kaunta bei inapanda. Karatasi ya kupandia ndege ichapisheni wenyewe, wasije wakawauzia karatasi. Tarumbeta zifungwe kwa mablanketi. Na tuba, tafadhali, tuba isiende chini kwenye shehena bila kasha gumu. Huko chini mizigo inarushwa, si kwa ubaya, ni kwa haraka. Itatoka bapa kama tortilla.

Jambo jingine. Novemba ukungu hutoka baharini ukalala juu ya uwanja. Ndege huzunguka, na ikishindwa huenda kushuka Mexicali, ng'ambo ya milima. Mashirika makubwa huwatafutia watu basi. Haya ya bei rahisi hukuambia samahani. Chukueni maji na chakula.

Usiniulize nimejuaje. Watu husema mengi. Mimi bado niko kwenye ujenzi, kama kawaida.

Nikuambie kimoja ambacho hakuna aliyenisimulia. Ndege inapoanza kukimbia ili iruke, ardhi hutetemeka mpaka kwenye magoti. Chuma kizito kama kanisa, kimejaa watu na masanduku yao, na kinaachana na ardhi taratibu kama mtu anayenyanyuka asimwamshe mtoto. Kwa umri wangu huu bado nasimama kutazama. Na wewe utakuwa ndani.

Doña Herminia anaondoka jioni hii. Mungu amfungulie njia.

Baba yako,
Eleuterio


Uwanja wa ndege wa Oaxaca, tarehe 20 Novemba

Baba yangu mpenzi,

Unaposoma barua hii umeshaitoa ndani ya tuba, na umeshaona kwamba sikushuka. Usiogope. Mimi ni mzima. Nimekaa kwenye benchi, na don Crisóforo ananingoja nje na basi lake. Wenzangu wanakaribia kuingia ndani, kwa hiyo mwandiko utakuwa mbaya.

Niliahidi kueleza yote. Tulifika mapema. Mlango ulijifungua wenyewe, na don Wulfrano, yule mzee wa ngoma kubwa, akavua kofia kama anaingia kanisani. Hakuna aliyemcheka, maana sote tulikuwa tunanong'ona. Sakafu inang'aa mpaka tulijiona miguu juu. Kupitia kioo niliiona ndege yetu. Sikujua kwamba magurudumu yake ni madogo hivyo, wala kwamba ina macho mbele. Nilitaka kulia, na sikuwa na huzuni yoyote.

Kisha tukafika kaunta. Dada aliyekuwepo alitutazama na tarumbeta zetu na trombone zetu na ngoma zetu.

"Mizigo hii yote ni yenu?"

"Hatuna mizigo, binti," Mwalimu Fidencio akasema. "Hivi ni vyombo vya bendi."

"Vimelipiwa?"

Don Wulfrano alidhani ni mzaha. "Tangu lini chombo kikalipa nauli?"

Baba, unajua ilivyo kwetu. Don Crisóforo huiketisha tuba kiti cha mbele, akaifunga kamba, na akamgombeza anayeiegemea. Bendi ni ya kijiji, na mali ya kijiji haitozwi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kuuliza. Mwalimu alikuwa amesoma kila mstari wa zile tiketi, lakini sehemu ya mizigo aliiruka, kwa kuwa hatukuwa na mizigo.

Kila chombo kilipimwa. Kila chombo kikapewa bei iliyoizidi ya mpigaji wake. Hata karatasi za kupandia tuliuziwa. Tulitoa nguo kwenye mifuko tukazivaa, ili klarineti na tarumbeta ndogo ziingie humo. Don Wulfrano amevaa makoti matatu na anatoka jasho kama ng'ombe wa kulimia. Abundio alimwambia, "Mzee, ukianguka utadunda." Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya mzaha aliyosema leo. Fedha za chakula zimekwenda, na zile za akiba pia. Dada wa kaunta macho yalimwiva. "Si mimi niliyepanga bei, babu," akasema. Mwalimu akamjibu, "Tunajua, binti. Endelea kuandika."

Ikabaki tuba. Haina kasha gumu, na chini hawaipokei. Inaweza kusafiri ikinunuliwa kiti kama mtu, lakini ndege imejaa. Viti vyote vina watu.

Abundio akasema, "Nitabaki mimi."

"Na tuba itapigwa na nani, na rubani?" Mwalimu akamuuliza.

Baba, sikuwa shujaa. Kwanza nilikuwaza wewe, umesimama mahali ninapoweza kukuona. Halafu nikawaza sauti. Klarineti za tatu tuko wawili, na Mwalimu hutuambia kwamba bendi bila mmoja wetu ni nyumba iliyokosa dirisha, lakini bendi bila tuba ni nyumba iliyokosa sakafu. Watu wa huko wameomba nyumba nzima. Nikainua mkono kama niko darasani.

Mwalimu aliniwekea kiganja kichwani na akakiacha hapo muda mrefu.

Dada wa kaunta akauliza, "Jina la abiria wa kiti hiki sasa?"

"Tuba," Mwalimu akasema.

"Ukoo?"

"Yaguelá."

Ndipo alipocheka, na akaandika.

Kiti changu kilikuwa cha dirishani. Nimeifunga tuba kwa shali ya Bibi ili isipate baridi, na ili wewe uwe na kitu cha kukijua. Itaona yale ambayo ningeyaona mimi. Iulize, halafu uniandikie.

Usimkasirikie mtu yeyote. Wananiita.

Mwanao,
Azucena


Tijuana, tarehe 25 Novemba

Mwanangu Azucena,

Wewe uliahidi kusema yote. Na mimi niseme.

Sijengi nyumba. Nilijenga miaka ya mwanzo, mgongo ukakataa. Sasa napakia na kupakua mizigo ya ndege, hapa hapa uwanjani. Sikuwaambia kwa sababu mama yako angeniuliza, "Unashinda chini ya ndege, mbona hujapanda hata moja kuja kwetu?" Nilitafuta jibu, nikakosa, nikaona heri aendelee kudhani nachanganya saruji.

Siku ile niliomba zamu ili niwe chini ya ngazi utakaposhuka. Ukungu ulishuka kabla yenu. Uliziba jengo, ukaziba taa, nikawa siuoni mkono wangu. Tukaisikia ndege juu. Ilipita, ikaenda mbali, ikarudi. Ikapita tena. Mwenzangu Chuy akasema, "Hii ni ya Mexicali, swahiba. Twende tukanywe kahawa."

Nikamwambia, "Mwanangu yumo."

Akavua kofia. Mwanangu, nimefanya kazi chini ya ndege muda mrefu, na siku hiyo ndiyo nilipoelewa kwamba kila siku juu yetu kuna mtoto wa mtu. Nilisikiliza ile sauti kama ninavyokumbuka kusikiliza pumzi yako ulipokuwa na homa, nikihesabu moyoni, nikiogopa kimya. Halafu ukungu ukapasuka mahali pamoja, padogo, na ndege ikatoka humo kubwa na nyeupe na taratibu, kama vile haikuwa na wasiwasi wowote. Chuy alijifanya anafunga kamba za viatu. Mimi sikujifanya kitu, nililia waziwazi.

Mlango ukafunguliwa. Nikawaona mmoja mmoja. Don Wulfrano na makoti yake matatu, nikadhani amenenepa. Abundio. Wale vijana wa trombone. Nawe hupo. Kisha juu ya ngazi nikaona buluu. Nikasema moyoni, kumbe amekua hivi, tena amekuwa mpana. Nikaanza kupanda, jambo ambalo haturuhusiwi. Upepo ukafunua pembe ya shali, na ndani yake nikaona shaba, na nyuma yake uso wa Mwalimu Fidencio.

Aliponiona ndani ya fulana ya kazi hakushangaa, au alificha. Akasema, "Eleuterio, pokea. Huyu ndiye aliyekuja badala yake."

Nikaipokea. Ilikuwa bado na joto la ndani ya ndege. Barua yako niliisoma palepale chini ya bawa, Chuy akinimulikia tochi, na msimamizi akinipigia mluzi.

Ngoma ya don Wulfrano ilikuja chini kwenye shehena, na ngozi yake ilikuwa imepasuka. Mimi ndiye niliyeitoa. Simlaumu aliyeipakia. Ndege hizi zikikaa ardhini zinakula faida, kwa hiyo tunakimbizwa, na mkono unaokimbizwa hauchagui. Watu wetu wa hapa walipata ngozi nyingine, wakaiwamba asubuhi ya sikukuu.

Ungeona sikukuu yenyewe. Watu waliotoka Yaguelá wakiwa vijana, sasa wana wajukuu, walisimama ukumbini hawachezi, wanasikiliza tu, midomo wazi. Mtoto aliyezaliwa hapa alimuuliza mama yake kwa nini babu analia kama wimbo ni wa furaha. Baadaye Abundio akaniletea tuba. "Wimbo mmoja, mzee. Ilikuwa yako kabla haijawa yangu." Midomo ilikuwa imesahau, lakini mapafu hayakusahau. Niliposhusha ile sauti ya chini kabisa nilihisi sakafu ikinijibu magotini, kama ndege inapoanza kukimbia. Na katikati ya wimbo, pale klarineti za tatu zinapojibizana, mwenzako alipiga upande wake peke yake, na upande wako ulikuwa kimya. Basi nimekusikia, mwanangu. Nimesikia mahali ulipopaswa kuwa.

Umeniambia niiulize tuba iliona nini. Mwalimu anasema ilikaa wima njia nzima, mkanda umefungwa, na jua lilipopiga mawingu shaba yake ikamulika dari nzima, watu wakaacha kuongea wakawa wanatazama juu.

Nilikwenda kaunta kuuliza kama ningeweza kurudi na wenzako kwenye kiti chako cha kurudia. Wakaniambia chombo kinaweza kuwekwa kiti cha mtu, lakini jina la mtu halibadiliki kuwa la mtu mwingine. Halafu wakaniambia hata kiti chenyewe hakipo, maana asiyepanda kwenda hufutiwa kurudi. Hilo hata mimi sikulijua. Vyombo vyote vinarudi na doña Herminia, na tuba ameipa kiti cha mbele. Shali yako imo ndani yake.

Msalimie mama yako. Mwambie asinijibu kwa hasira, anijibu tu.

Baba yako,
Eleuterio


Yaguelá, tarehe 6 Desemba

Baba yangu mpenzi,

Shali imefika, tuba imefika, barua zako zimefika. Nasema barua zako kwa sababu ile ya tarehe 11, yenye maonyo yote, ilikwama nyuma ya maporomoko ya barabara, ikatufikia tulipokwisha ondoka. Mama aliisoma mbele ya Mwalimu Fidencio aliporudi. Mwalimu aliisikiliza mpaka mwisho akasema, "Alituambia kila kitu." Halafu akaomba asomewe tena ile sehemu ya ndege kuachana na ardhi.

Sehemu hiyo na mimi nimeiona, Baba, ingawa nilikuwa nje. Don Crisóforo alisimamisha basi kando ya uzio. Alinipa tamali moja, akala moja, akasema, "Abiria wangu wote wameniacha. Nimebaki na wewe na tairi la akiba, na tairi halilalamiki." Mimi sikuwa nalalamika, nilikuwa na mafua ya kulia tu. Kisha ndege ikaja mbio kuelekea kwetu. Uzio ulitetemeka nikiwa nimeushika. Ilipopita juu ya vichwa vyetu niliona tumbo lake na yale magurudumu madogo yakijikunja kama miguu ya ndege wa kweli, na nikawaza kwamba humo mna Mwalimu wangu, na tuba yetu imefungwa mkanda, na barua yangu, na vyote havina chochote chini yake. Don Crisóforo alikuwa ameacha kutafuna. Akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi nimetumia maisha yangu yote kugombana na kona." Tulibaki hapo hadi ikawa nukta, na nukta ikawa anga.

Kwa hiyo sote wawili tumeiona kutoka chini, wewe na mimi. Nilipomsomea Mama kuhusu kazi yako, aliinuka akaenda kugeuza kahawa juani. Aligeuza kahawa ambayo ilikuwa imeshageuzwa. Aliporudi alisema, "Mwambie kupakia mizigo ni kazi. Uongo ndio mzigo." Halafu akaniuliza kama umeandika unakula nini. Nadhani hilo ndilo jibu lake.

Sasa nakuandikia jambo langu, na naomba usilione kuwa ni utovu wa adabu. Barua yako ni ndefu na nzuri, na haisemi popote kwamba utakuja.

Jumapili nilisimama kwenye mkutano wa kijiji. Wasichana huwa hatusimami, lakini Mwalimu aliniruhusu. Niliuliza kama mtu aliyetoa kiti chake kwenye gozona anahesabiwa kuwa alikwenda. Wazee walibishana mpaka jua likahama ukutani. Mmoja akasema asiyefika hakufika. Don Wulfrano akainuka, safari hii na koti moja, akasema, "Mimi nilifika na ngoma iliyopasuka. Huyu hakufika, na bendi ilifika nzima. Nani amekwenda zaidi?" Ikaandikwa kwamba nilikwenda.

Basi, Baba, kwa sheria yetu nadai. Gozona hailipwi kwa fedha, na usitume fedha kwa ajili ya hili. Inalipwa kwa mwili, mtu kwa mtu. Sikukuu ya Mtakatifu Sebastián ni tarehe 20 Januari. Abundio amesema siku hiyo yeye atashika matoazi. Nitakuwa safu ya pili, upande wa kushoto, na tuba husimama nyuma yangu kabisa, kwa hiyo sitaweza kukuona. Haidhuru. Nitakuhisi miguuni.

Don Crisóforo atakungoja mjini. Kiti cha mbele ni cha tuba, wewe utakaa nyuma yake, na anasema nauli yako utalipa kama watu wote.

Doña Herminia akishusha vifurushi huko analala usiku mmoja tu. Nimemwomba asiwashe gari kabla hujampa karatasi, hata yenye neno moja. Je, unakuja?

Mwanao,
Azucena